Maharage ya Mtu Mmoja

Prespa, 2 Desemba 1972

Mwanangu Ristana,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nataka kujua kama u mzima. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu aliyezika mke wiki tatu zilizopita. Miguu inatembea, mbuzi wanakamuliwa, jiko linawaka. Shangazi yako Fimka, jirani, anakusalimia, na anasema uvae soksi mbili mbili huko Uswidi.

Najua telegramu ilikufikia mama yako akiwa tayari ardhini. Usijilaumu. Hapa mtu akifa leo, kesho anazikwa, na treni kutoka huko ni siku tatu. Padri alisoma vizuri, hakuharakisha kama alivyofanya kwa marehemu Tase. Watu walijaa mpaka barabarani.

Sasa dhumuni la barua. Kabla jeneza halijafungwa, Fimka alifungua mkanda wa aproni ya mama yako, akautoa ufunguo wa stoo. Akaufunga uzi mwekundu na kuutundika kwenye msumari karibu na dirisha. Ni wako. Utaratibu wa nyumba hii unaujua kuliko mimi: bibi yako alimpa mama yako, mama yako anakupa wewe, na mwanamume hauchezei. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijavuka kizingiti kile hata siku moja. Nikitaka plamu kavu mbili tatu za kutafunia pombe yangu, nasimama mlangoni naomba kama mwanafunzi.

Stoo imejaa, Ristana. Tangu Agosti alikuwa anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, na ugonjwa wake vile vile. Nikamwambia, we mwanamke, kwani vita inakuja? Akanijibu niende nikapasue kuni. Basi kila kitu kimo humo, kinakungoja. Mimi sifungui. Utafungua wewe ukirudi. Unarudi lini?

Arobaini ni tarehe ishirini na moja.

Baba yako,
Spase


Göteborg, 14 Desemba 1972

Baba yangu mpenzi,

Salamu zikufikie popote ulipokaa, najua ni karibu na jiko. Mimi mwili ni mzima. Moyo sisemi.

Telegramu niliisoma nimesimama jikoni hospitalini, nikiwa na mwiko mkononi. Wagonjwa mia tatu wanasubiri supu, nami najaribu kukumbuka mara ya mwisho mama alinishika wapi. Alinishika hapa, kwenye kola ya koti, pale basi lilipokuwa linaondoka. Alikuwa anaitengeneza. Kola ilikuwa sawa kabisa.

Arobaini sitaweza, baba. Nimeomba ruhusa, msimamizi amesema labda baada ya mwaka mpya, na baada ya mwaka mpya atasema labda baada ya Pasaka. Nitakuja mambo yakitulia. Nakuomba ngano na maharage ya arobaini yatoke stoo, ni vya mama mwenyewe. Mwambie Shangazi Fimka aingie kwa niaba yangu.

Na wewe unakula nini? Niambie chakula kwa jina, usiniambie "nakula."

Mwanao,
Ristana


Prespa, 8 Januari 1973

Mwanangu,

Heri ya Krismasi, jana ilikuwa yetu sisi Waorthodoksi. Natumai baridi ya huko haijakumaliza. Hapa theluji imefika magotini na ziwa limeganda pembeni. Mimi sijambo.

Barua yako ilifika baada ya arobaini, kwa hiyo usininunie. Tulifanya. Fimka alitoa ngano yake, akaichemsha, akaipamba kwa sukari na msalaba wa plamu. Maharage alitoa yeye pia. Nilisikia wanawake wananong'ona, eti nyumba yenye stoo ya marehemu Vasilka inaazima maharage! Waache wanong'one. Nilimwambia Fimka sitaki mtu aingie mle kabla yako, akanijibu, "Spase, wewe ni mpumbavu, lakini mpumbavu mwenye msimamo." Akaenda kuosha vyombo.

Chakula kwa jina: mkate. Vitunguu. Jibini la mbuzi. Kabichi ya pipa, ile ya chumvi, ambayo kwa bahati haikai stoo. Siku nyingine nakula kwa Fimka, lakini anaongea sana na mimi nikila nataka kimya.

Nimepungua kidogo. Daktari wa mjini Resen anasema inafaa kwa moyo.

Nikipita ukumbini nasimama pale mlangoni. Harufu inapita chini: pilipili kavu, vitunguu saumu, unga. Nasimama kidogo, kisha nakwenda kwa mbuzi. Wewe njoo tu. Ukija utafungua, utapika, tutakaa wawili mezani tumlilie mama yako kama inavyotakiwa.

Baba yako


Göteborg, 30 Januari 1973

Baba,

Salamu. Leo sikuulizi afya yako kwa sababu nimeshaambiwa. Stojan wa kina Pejo, anayefanya kazi huku, amerudi kutoka likizo ya huko kwetu, kaja mpaka chumbani kwangu, kakaa kitandani na kofia yake mkononi kama mtu wa msiba. "Ristana," kasema, "baba yako suruali anaifunga kwa kamba." Umekonda hivyo mbele ya stoo iliyojaa! Halafu unaniandikia habari za daktari wa Resen. Hujawahi kwenda kwa daktari wa Resen tangu nizaliwe.

Chukua ufunguo, fungua mlango. Ni mimi ninayekuambia, na kama ufunguo ni wangu basi nakutuma. Nenda sasa hivi, barua uimalizie baadaye.

Umefungua? Haya, sikiliza. Gunia la maharage lililo mlangoni, lile la mbegu, mama kila Desemba alilitoa nje kwenye baridi kali siku tatu, ili mayai ya wadudu yafe. Mwaka huu hakuna aliyelitoa. Yamwage kwenye shuka, yachambue. Yenye vitundu watupie kuku. Mazima yaweke nje yakiwa makavu, yagande, kisha yarudishe na vitunguu saumu vichache ndani. Unga uuchekeche. Tambi ziguse tu, zikivunjika kwa mlio ziko salama. Pilipili ziache zinaponing'inia.

Ni mpaka nitakapokuja, baba. Unanishikia nafasi tu.

Mwanao,
Ristana


Prespa, 22 Februari 1973

Mwanangu Ristana,

Salamu, na ukae kitako kabla hujaendelea. Mimi ni mzima na nimekula. Jana maharage, juzi maharage, leo tambi na jibini. Umefurahi?

Barua yako nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano niliukata ule uzi mwekundu, nikavua viatu, nikaingia. Nilivua viatu sijui kwa nini. Fimka alisimama ukumbini mikono kiunoni, akasema, "Haya, mwanamume wa kwanza duniani kufika mwezini kwa soksi."

Gunia la mbegu lilikuwa limebunguliwa karibu lote. Nikilishika linatoa vumbi. Nilitukana, mwanangu, Mungu anisamehe, nikalia pia, maana nililifungia mimi mwenyewe, kwa kukungoja. Sasa wewe uliandika yagande makavu. Mimi nikawaza, kitu chenye wadudu kinaoshwa. Kondoo wakipata kupe tunawaosha. Nikachemsha maji, nikayaosha maharage yote yaliyoonekana mazima, kwa brashi, nikayarudisha kwenye gunia, nikalifunga vizuri, nikaliweka karibu na jiko lipate joto. Baada ya wiki moja gunia likawa limevimba na linanuka. Nikafungua. Yameota! Yana mikia mirefu kama kidole. Fimka alipoingia alishika ukuta kwa kucheka. "Spase, umeanza kufuga maharage? Utayakamua saa ngapi?" Kijiji kizima kinanisalimu kwa kuuliza yamefikia wapi. Niliokoa konzi chache tu ambazo sikuwa nimeziosha. Hizo ndizo nimezigandisha ulivyosema.

Lakini si hilo nililotaka kukuambia.

Nyuma ya gunia kuna yale makopo makubwa ya bati ya bibi yako. Nilidhani yana maharage ya kula. Ndani nikakuta vifuko. Amevishona kwa foronya za zamani, zile za maua ya bluu, zile ulizokuwa unalalia. Kila kifuko kina maharage vikombe viwili. Vifuko arobaini na vinne. Pembeni tambi, nazo kwenye vifuko. Dengu, vifuko. Mchele, vifuko. Kila kimoja kinatosha chungu kidogo, mtu mmoja, wiki moja.

Unajua mama yako alivyokuwa akiweka akiba. Magunia! Ndoo! Alikuwa hajui kupika chini ya watu wanane. Sasa nikakaa kwenye kizingiti na kifuko mkononi, nikahesabu, nikahesabu tena. Kuanzia Novemba, kwa wiki, vinafika sawasawa mpaka maharage mapya ya Septemba. Agosti yote ile alipokuwa anaingia na kutoka, alikuwa ananishonea chakula changu, wiki kwa wiki. Alijua anakwenda. Na mimi namwambia vita inakuja.

Nilipika kifuko cha kwanza siku hiyo hiyo. Kilitosha.

Niandikie upesi. Sasa ninajua njia ya stoo, lakini ufunguo bado ni wako.

Baba yako,
Spase


Prespa, 15 Aprili 1973

Mwanangu,

Salamu. Je, u mzima? Nimepita posta mara tano, mpaka yule msichana wa dirishani ananitikisia kichwa kabla sijafika. Karibu miezi miwili kimya. Kama unaumwa, mtu akuandikie. Kama umekasirika, niandikie matusi, nitayasoma.

Pasaka imekaribia. Nimetia rangi mayai sita. Sijui ni ya nani.

Baba yako


Göteborg, 6 Mei 1973

Baba yangu,

Kristo amefufuka. Salamu, na nisamehe kwa kimya. Mimi si mgonjwa. Nilikasirika, lakini si kwa ajili yako.

Foronya zangu! Kazikata foronya zangu akashona vifuko vya mtu mmoja. Hakunihesabu, baba. Mama yangu, aliyekuwa akiongeza maji kwenye chungu mbwa wa jirani akibweka, isije ikawa ni mgeni, alikaa akapima vikombe viwili, vikombe viwili, mara arobaini na nne, na hakuna hata kifuko kimoja alichosema, hiki cha Ristana akija. Nilipoisoma barua yako niliiweka chini ya godoro, nikaenda kazini nikachoma uji wa wodi nzima.

Ngoja nikuambie jambo la aibu. Huku maharage yanauzwa kwenye pakiti za karatasi, nusu kilo, meupe, yote sawa. Nilinunua moja. Wiki iliyofuata nikanunua nyingine. Sipiki, hospitalini nakula bure. Nanunua tu. Sasa chini ya kitanda changu ziko pakiti kumi na nane, na unga, na chumvi kilo saba. Mama mwenye nyumba aliziona akifagia, akaniuliza kama huko kwetu wametangaza kitu redioni. Nikamjibu hapana, ndivyo tulivyo. Nikizitazama nalala vizuri.

Siku nyingine nikifumba macho ninatuona mimi na mama mwezi wa Agosti, tambi zimeanikwa kwenye vitanda vyote, nyumba nzima hakuna pa kukaa, na wewe unalala zizini unalalamika. Unakumbuka ulivyokalia shuka ya tambi? Mama hakusema nawe siku mbili. Natamani kuwa pale, baba.

Likizo yangu ni Agosti. Nitakuja tutengeneze tambi. Hiyo ni ahadi.

Mwanao,
Ristana


Prespa, 1 Julai 1973

Mwanangu Ristana, binti yangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa Fimka, kwa mbuzi, kwa kila kitu chenye roho hapa! Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Sikiliza kazi niliyofanya. Stoo nimeipaka chokaa. Rafu ya chini iliyokuwa inayumba nimeigongelea. Zile konzi za maharage nilizookoa nimezipanda pembeni ya mahindi, zimetambaa mpaka juu ya mabua, zina maua. Mimi Spase nimelima maharage kuanzia shimo! Fimka anasema kwa kuwa nina uzoefu wa kuyaotesha ndani ya nyumba, nje haiwezi kunishinda. Mayai ya tambi nimeanza kuyakusanya. Chumba chako nimekifungulia madirisha. Foronya nimenunua mpya mjini Bitola, muuzaji akaniuliza rangi, nikasema ya maua ya bluu, hakuwa nayo, nimechukua ya mistari.

Kuhusu mama yako kutokukuhesabu, usimwekee kinyongo. Alikuwa mgonjwa, akili yake ilikuwa kwa mtu asiyejua kuchemsha yai. Wewe alijua unajiweza.

Niambie treni gani, siku gani. Nitakuwa Bitola stesheni toka asubuhi.

Baba yako


Göteborg, 5 Agosti 1973

Baba,

Salamu. Sijui niandikeje. Siji mwezi huu. Wapishi wawili wameugua, na msimamizi ameniomba nishike jiko lote mimi mpaka Septemba. Nimekubali. Nitajitahidi Novemba, kwa kumbukumbu ya mwaka.

Tafadhali usiende stesheni siku ile niliyokutajia kwenye kadi.

Mwanao,
Ristana


Prespa, 26 Septemba 1973

Mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Natumai na wewe, na hao wapishi wawili wamepona.

Stesheni nilikwenda. Barua yako ilichelewa kwa siku mbili. Usihuzunike, nilikutana na Stojan, yuko likizo, akimpokea mkewe, tukanywa kahawa, nikarudi na basi la saa nane. Mayai yalikuwa yameshakusanywa sitini, hayarudi kwa kuku, kwa hiyo tambi nimezitengeneza na Fimka. Mimi nimekanda, yeye amekata na kunitukana. Tulizianika kitandani kwako.

Maharage nimevuna. Nimeyapiga kwa fimbo uani, nimepepeta, nimechambua. Ni meupe mazuri, na mengi kuliko nilivyodhani. Kifuko cha mwisho cha mama yako nimekipika Jumapili iliyopita. Nilianza Februari, lakini wiki nyingi nilipika viwili kufidia miezi niliyojinyima, na hesabu yake ilikosea kwa wiki moja tu. Nilipokiosha kile kifuko na kukianika kambani nilisimama hapo mpaka kikakauka. Basi, stoo sasa ni tupu, na lazima niijaze kabla ya theluji.

Sasa nina swali, nami nataka unijibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima. Niweke akiba ya watu wangapi?

Usiniambie "labda." Labda haina kipimo, Ristana. Nikisimama na kikombe mbele ya kopo siwezi kupima labda. Mwaka mzima nimepima labda, na gunia zima la mbegu limeliwa na wadudu. Nikiweka ya wawili na wewe huji, nitakaa majira yote ya baridi natazama ile nusu. Nikiweka ya mmoja na wewe ukaja, tutakula na kuazima, watu wanong'one, sijali. Ninachotaka ni namba tu. Kama kuna mwanamume, sema. Kama kuna jambo baya, sema. Nimemzika mama yako, hakuna namba utakayoniandikia iliyo nzito kuliko hiyo.

Baba yako,
Spase


Göteborg, 16 Oktoba 1973

Baba yangu mpenzi,

Salamu, na kama umeipata barua hii ukiwa posta, nenda nyumbani kwanza.

Weka ya mtu mmoja.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi sita, nikatupa tano. Sirudi, baba. Likizo nitakuja, kaburini kwa mama nitakuja na nitapiga magoti, ila kurudi kukaa, sirudi. Wale wapishi hawakuugua. Nilijipangia zamu mwenyewe, kwa sababu niliogopa nikifika utanipa ule ufunguo, nami ningeuchukua, maana ni nani angeukataa akikutazama usoni? Nisamehe kwa ile stesheni. Kila nikiiwaza naona aibu mpaka nasimama.

Hakuna mwanamume. Najua Shangazi Fimka ameshamvisha suti na kumpa jina, amvue. Hakuna jambo baya. Nimeanza kusoma uuguzi, jioni, mara tatu kwa wiki, nami si mjinga, baba, mimi ni wa tatu darasani, na kwa wengine wote hii ni lugha yao. Asubuhi ninapotembea kwenda kazini hakuna mtu anayejua mimi ni binti wa nani, na napenda hivyo. Nilidhani kupenda hivyo ni kosa. Na bado kila siku natamani nyumbani, harufu ya stoo, sauti yako ukiwatukana mbuzi, natamani hasa. Vyote viwili ni kweli na sijui nivifanyeje.

Mama alijua. Alijua pale pale kwenye basi, alipokuwa anatengeneza kola iliyokuwa sawa. Ndiyo maana nilimkasirikia. Alinisoma kabla mimi sijajisoma, na hakunidai nirudi. Nami nikakuacha wewe mwaka mzima unapima labda.

Kama hutaki kuniandikia, nitaelewa. Lakini kula.

Mwanao, kama bado,
Ristana


Prespa, 20 Novemba 1973

Mwanangu Ristana,

Salamu nyingi kwako. Mimi ni mzima, naomba na wewe uwe mzima.

Nimechelewa kujibu. Siku mbili nilikuwa na hasira, nikapasua kuni za miaka miwili. Siku ya tatu nililia mbele ya Fimka, akanimiminia pombe na yeye akanywa. Hiyo "kama bado" uliyoiandika pale mwisho nimeifuta kwa kalamu. Usiiandike tena kwangu.

Kumbukumbu ya mwaka tumefanya tarehe kumi na mbili. Ngano niliichemsha mimi. Haikuiva sawasawa, padri aliitafuna muda mrefu, akaimeza, Mungu ambariki. Maharage yalitosha watu sitini na yalikuwa ya shamba langu, nikasimama kichwani pa kaburi la mama yako nikamwambia. Nilimwambia pia namba yako. Nafikiri hakushangaa.

Nimeweka ya mmoja. Nimetumia vifuko vile vile, nimevifua, nimejaza kikombe kwa kikombe. Kazi ilikwisha siku moja na nusu.

Lakini yamebaki maharage mengi, Ristana. Nilipanda kwa ajili ya wawili, ardhi haikujua habari zako, ikatoa ya wawili. Fimka akasema tuuze. Nikamwambia siuzi, yana mwenyewe. Alhamisi Stojan anarudi huko kwa gari na kaka yake, na kwenye buti wana gunia lenye jina lako, kilo ishirini na tano. Kuna na tambi, nimezifunga kwenye foronya ya mistari, zikifika uzile, nayo uilalie. Pilipili mitungo minne. Vitunguu saumu.

Sasa nisikilize mimi, maana kwa haya nimeumia kuliko wewe. Usiyaoshe. Yakifika yaweke nje, kwenye hiyo roshani ambayo Stojan anasema unayo, siku tatu usiku na mchana, yagande makavu, na huko kwenu baridi hamuazimi. Kisha yagawe kwenye makopo, kila kopo weka vitunguu saumu viwili. Chini ya kitanda hapafai, pana unyevu, na mtu aliyeweka chakula chini ya kitanda ni mtu aliye safarini. Nunua mbao, piga rafu ukutani. Mwambie yule mama mwenye nyumba kwamba baba yako ndiye aliyesema. Zile pakiti za karatasi wape watu.

Halafu pika. Alika hao wa darasani kwako uliowashinda, wakae, wale. Chungu kikiwa kidogo nunua kikubwa.

Yakiisha niandikie. Ninayo mbegu, na mwakani nitapanda mapema.

Baba yako,
Spase